Ani DiFranco: mwimbaji aliyekataa bosi, na siku alipokosa wa kumsingizia

Mwishoni mwa mwaka 2013 wapenzi wa muziki wa Ani DiFranco, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, walipata tangazo la kambi ya utunzi wa nyimbo. Walimu ni yeye mwenyewe na wasanii wenzake kadhaa, wakati ni Juni 2014, mahali ni Nottoway, jimbo la Louisiana. Wengi walilazimika kuusoma mstari wa mahali mara mbili. Nottoway lilikuwa kasri lililojengwa mwaka 1859 kando ya mto Mississippi, kati ya New Orleans na Baton Rouge, kwa ajili ya John Hampden Randolph, tajiri wa miwa ambaye mwaka 1860 alimiliki watumwa 155. Wakati wa tangazo lile lilikuwa hoteli ya kifahari, watu wakienda huko kufunga ndoa na kupumzika.

Kilichowauma watu zaidi ni mwenye mwaliko. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akiimba dhidi ya ubaguzi wa rangi, vita na unyanyasaji wa wanawake tangu ujana wake. Ndiye aliyezikataa kampuni kubwa za muziki zilipobisha hodi, akaendesha lebo yake mwenyewe kwa zaidi ya miaka ishirini ili kauli ya mwisho kuhusu kazi yake ibaki kuwa yake. Sasa kauli hiyo ya mwisho ilikuwa imesema Nottoway.

Msanii aliyesajiliwa na kampuni kubwa akikosea hadharani ana kichaka cha kujifichia: meneja, idara ya masoko, mkataba uliombana. DiFranco hakuwa nacho, alishakifyeka kwa mkono wake. Naona mtu hawezi kuelewa yaliyotokea majira yale ya baridi bila kujua alikifyeka vipi na kwa gharama gani, kwa hiyo nitaanzia mbali.

Kaseti ya 1990

Buffalo ni mji wa chuma ulio magharibi mwa jimbo la New York, ukingoni mwa ziwa Erie. Mwaka 1950 ulikuwa na watu 580,000 hivi, na kufikia 1990 walibaki 328,000. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Lackawanna, jirani yake kabisa, kilifunga sehemu kubwa ya kazi zake mwaka 1983, na katikati ya mji maduka yakaanza kuzibwa madirisha kwa mbao. Humo alizaliwa Angela Maria DiFranco tarehe 23 Septemba 1970. Akiwa na miaka tisa alipata gitaa, na kupitia gitaa akampata Michael Meldrum, mwanamuziki wa mjini pale aliyemchukulia kama mwenzake. Alikwenda naye kwenye baa alizokuwa akipiga, akampandisha jukwaani, na mtoto yule akaimba nyimbo za Beatles mbele ya watu wazima wenye glasi mkononi. Ni shule ngumu. Mtu aliyekuja kunywa hana wajibu wa kukusikiliza, mpaka umnase.

Alipofika miaka 15 alikuwa akiishi bila wazazi, akitambuliwa kisheria kuwa anajitegemea. Nyimbo zake mwenyewe zilianza miaka hiyo hiyo. Baadaye akahamia jiji la New York na kujiandikisha katika chuo cha New School, ambako alifundishwa na mshairi Sekou Sundiata, mtoto wa Harlem. Likumbuke jina hilo, litarudi.

Mwaka 1990 akatoa kaseti. Watu waliomsikia jukwaani walitaka kitu cha kwenda nacho nyumbani, naye hakuwa nacho. Akarekodi sauti na gitaa, basi, akaitoa kwa jina la lebo ambayo kwa kweli ilikuwa ni yeye mwenyewe. Ndiyo iliyokuja kuitwa Righteous Babe Records. Kisha akaingia kwenye gari lake dogo aina ya Volkswagen na kuanza kuzunguka: baa, kumbi za vyuo, matamasha ya muziki wa kiasili wa Marekani. Onyesho likiisha, kaseti zilitoka kwenye sanduku zikaingia mifukoni mwa watu. Walionunua waliwanakilia marafiki zao, na marafiki hao ndio waliojaza ukumbi aliporudi mwaka uliofuata. Wakati kampuni kubwa zikilalamika kwamba kunakili kaseti ni wizi, kwake kila nakala ilikuwa tangazo asilolilipia, kwa sababu fedha yake ya kula ilipatikana mlangoni mwa ukumbi.

Kuna jambo husahaulika anaposimuliwa kama shujaa aliyejijenga peke yake. Madukani alifikishwa na Goldenrod na Ladyslipper, wasambazaji wadogo waliotokana na vuguvugu la muziki wa wanawake la miaka ya 1970. Wanawake hao walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba muziki wao hauna soko, wakajenga soko: orodha za anwani, maduka ya vitabu, matamasha, kumbi za kukodi. DiFranco aliikuta barabara ya vumbi ambayo wengine walikwisha kuichonga, naye akaipitisha gari bila kuzima injini kwa miaka kumi. Hilo halimpunguzii sifa hata kidogo. Linaonyesha tu kwamba msanii huru ana watu nyuma yake, na watu hao wana haki ya kumdai. Tutalihitaji hili tukifika Louisiana.

Nyimbo zilipoanza kuvuma kampuni zikamfuata. Uamuzi wake wa kukataa unaeleweka vizuri zaidi ukiwa umeshika kalamu. Mkataba wa kawaida wa enzi zile ulianza na malipo ya awali, ambayo vijana wengi waliyaona kama utajiri. Kumbe yalikuwa mkopo, na mkopo huo ulirudishwa kutoka kwenye mrabaha wa msanii peke yake, yaani asilimia 10 hadi 15 hivi ya bei. Gharama za studio zilikatwa humo. Sehemu ya gharama za video ilikatwa humo. Fedha ya kusaidia ziara nayo ilikatwa humo. Albamu ingeweza kuiingizia kampuni faida nzuri huku msanii kwenye vitabu bado anadaiwa. Deni likija kumalizika, masta za nyimbo, yaani rekodi zenyewe za asili, zilibaki mali ya kampuni, kama vile umemaliza kulipia nyumba kisha hati ikabaki kwa aliyekukopesha.

Kwa DiFranco palikuwa na kifungo kingine, na nadhani ndicho kilichomtisha zaidi. Kampuni kubwa zilipenda kuachanisha albamu miaka miwili au mitatu, ili kila moja ikamuliwe hadi tone la mwisho. Yeye alitoa moja mwaka 1990, nyingine 1991, 1992, 1993, 1994, 1995, 1996. Alikuwa akiandika kama anavyopumua. Kumfunga mtu wa namna hiyo katika ratiba ya idara ya mauzo kungemziba pua.

Kukataa kulikuwa na bei yake. Alirekodi haraka na kwa fedha kidogo, na baadhi ya albamu za mwanzo zinasikika hivyo hivyo: sauti kavu, makosa yaliyoachwa kwa sababu saa za studio zimekwisha. Redio kubwa hazikumpiga. Kazi za ofisi alizifanya mwenyewe kati ya onyesho na onyesho, hadi Scot Fisher, mtu wa Buffalo, alipoanza kuiendesha lebo pamoja naye. Pamoja na hayo, albamu ya 1996 iliingia kwenye Billboard 200, chati ya albamu zinazovuma Marekani, ikiwa namba 87, na ya 1998 ikaingia namba 22. Ilikuwa kama kuona mtumbwi umefunga gati moja na meli za mizigo.

Alichokuwa anaimba

Kwenye kaseti ile ya kwanza kuna wimbo wa msichana anayefunga akaunti ya benki aliyoifungua akiwa mtoto, kisha anapita katikati ya waandamanaji kwenda kutoa mimba. Hana hotuba. Ana foleni, ana macho ya watu, ana ukimya wa chumba cha kusubiri. Hapo ndipo ninapoona ubora wake kama mtunzi: imani yake ya kijamii huja kupitia mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja. Nyimbo zake zinazoanza na kauli ya jumla dhidi ya serikali au matajiri huchakaa mapema. Zile zinazoanza na msichana kwenye foleni bado zinachoma baada ya miaka 30.

Suala la kutoa mimba lilimfuata hadi nyumbani. Tarehe 23 Oktoba 1998 daktari Barnett Slepian, aliyekuwa akitoa huduma hiyo, alipigwa risasi akiwa jikoni kwake huko Amherst, kitongoji cha Buffalo, akafa. Januari mwaka huo huo bomu lilikuwa limemuua mlinzi kwenye kliniki ya Birmingham, Alabama. DiFranco akaandika wimbo kama salamu ya mji mmoja uliofiwa kwa mji mwingine uliofiwa. Ulitoka mwaka 1999 kwenye albamu ambayo wimbo wake mkuu unalia juu ya bunduki Marekani, mwaka wa mauaji ya shule ya Columbine. Kati ya risasi ya Amherst na wimbo kutoka hapakupita mtu yeyote wa kuuliza kama maduka ya kusini yatakubali kuuweka kwenye rafu. Ukitaka kujua uhuru wa lebo unanunua nini hasa, ni hicho.

Upigaji wake pia unastahili neno. Hubandika kucha za bandia na kuzizungushia tepu ya umeme, kisha huzipiga nyuzi kwa nguvu mpaka gitaa moja linafanya kazi ya ngoma na besi. Hutyuni nyuzi kwa namna tofauti kwa nyimbo tofauti, kiasi kwamba anayetaka kumwiga kwa kutazama vidole tu hupotea njia. Mtindo huo ulizaliwa na baa za Buffalo, mahali ambapo gitaa la upole halisikiki. Mwili ulikuja kulipa: mwaka 2005 kano za mikono zilimuuma hadi akalazimika kusimamisha ziara kwa miezi.

Dola 4.25

Katikati ya miaka ya 1990 waandishi wa biashara walimgundua. Walikokotoa kwamba anabaki na dola 4.25 kwa kila albamu inayouzwa, zaidi ya walichopata nyota waliokuwa wakiuza mamilioni kupitia kampuni kubwa. Kwa nakala 100,000 hesabu hiyo inafika dola 425,000. Habari ikawa tamu: msichana wa gitaa kawapiku wakubwa kwa mahesabu.

Mwaka 1997 jarida la Ms., sauti kongwe ya harakati za wanawake Marekani, lilimweka kwenye orodha ya wanawake 21 wa kutazamwa katika karne ya 21. Kati ya yote ambayo lingeweza kusema juu yake, lilizungumzia mauzo. Akaliandikia barua ya wazi. Alieleza kwamba yeye anauza sehemu ndogo sana ya wanachouza nyota wa redio, na kwamba ikiwa hata gazeti la kutetea wanawake linampima kwa faida, basi kipimo chenyewe kimeharibika. Alisema kilichompa fahari: ofisi ndogo kwenye barabara kuu iliyokuwa imeachwa nusu mahame katikati ya Buffalo, wafanyakazi 15 hivi, na kazi kwa wachapishaji na mafundi wa mji ule ule. Akaomba kwamba akifa, kaburi lake limtaje kama mtunzi na msimulizi, lisimtaje kama mkurugenzi mtendaji.

Barua ile inapendwa sana, nami naipenda, ila nina hoja nayo. DiFranco alikuwa sahihi kwamba fedha haikuwa lengo. Lakini dola 4.25 haikuwa upuuzi pia. Ndiyo iliyolipa mishahara ile 15. Ndiyo iliyowezesha wimbo wa Amherst kutoka bila kuombewa ruhusa. Msanii mwenye msimamo anapoona aibu kuzungumza hesabu zake, wanaokuja nyuma yake wanarithi nyimbo bila kurithi ufundi wa kuzilinda, halafu wanasaini mkataba ule wenye mkopo ndani yake. Yeye aliujua mchezo wa fedha kuliko waandishi wa biashara, na alijua kitu wasichokijua: kwamba fedha hiyo ina mahali pa kwenda.

Mcheza kwao hutuzwa, na yeye alianza kuwatuza wa kwao. Alikwenda kwa Utah Phillips, mzee wa chama cha wafanyakazi cha IWW, aliyepigana vita vya Korea akarudi anachukia vita. Phillips alikuwa na kanda nyingi za hadithi zake za jukwaani, za wasafiri wa treni za mizigo, migomo na wafungwa. DiFranco aliziketia kanda hizo, akachagua hadithi, akazitandikia midundo, na mwaka 1996 vijana waliokuwa hawajawahi kusikia habari za mgomo wa wachimba migodi wakajikuta wanamsikiliza babu wa miaka 61. Mwaka 1999 walitoa albamu ya pili, safari hii wakiwa pamoja chumba kimoja na bendi. Na Sekou Sundiata, yule mwalimu wa New School? Mwaka 2000 albamu yake ya mashairi na muziki ilitolewa na lebo ya mwanafunzi wake.

Kisha kanisa. Kwenye barabara ya Delaware, Buffalo, lilisimama kanisa la Kimethodisti la mawe lililokamilika mwaka 1876, likiwa halina waumini, mawe yakianza kuachia. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa katika hatari ya kubomolewa. Fisher na DiFranco walilipigania, wakalichukua, na baada ya miaka mingi ya ujenzi uliokula takriban dola milioni 10, likafunguliwa mwaka 2006 kama ukumbi wa muziki, ofisi za lebo na makao ya kituo cha sanaa cha Hallwalls, likipata joto lake kutoka ardhini. Mji uliopoteza karibu nusu ya watu wake ulipata tena jengo lenye taa usiku.

Weka jengo hilo akilini. Mtu huyu huyu alikuwa ameonyesha, kwa vitendo na kwa milioni kumi, kwamba anafahamu jengo la zamani lina kumbukumbu, na kwamba anayelitumia upya anachukua pia dhamana ya kumbukumbu hiyo.

Nottoway

Haikuwa ugeni. Mwaka 2013 DiFranco alikuwa mkazi wa New Orleans kwa miaka kadhaa. Mashamba ya zamani ya miwa yamejipanga kando ya mto ule, na anayeishi pale anayafahamu. Miwa ya Louisiana ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoua watumwa wengi kuliko mazao mengine ya kusini: kukata usiku na mchana wakati wa mavuno, mitambo ya kusaga, masufuria ya sharubati inayochemka. Kasri la Randolph, lenye ukubwa wa futi za mraba zipatazo 53,000, liliinuliwa na sukari hiyo.

Wanawake weusi ndio waliosimama mbele kulipinga tangazo, wengi wao wakiwa mashabiki wake wa tangu kaseti. Swali lao lilikuwa jepesi: sisi tulale wapi? Kambi ya kutunga nyimbo inamtaka mtu afungue moyo wake. Atafungua vipi moyo chini ya dari la nyumba ambayo mababu zake wangeingia kwa mlango wa nyuma, au wasingeingia kabisa? Mwito wa kususia ukasambaa mitandaoni kwa siku chache tu.

Tarehe 29 Desemba DiFranco alitoa tamko la kufuta kambi. Ni maandishi marefu, na ndani yake kuna ungamo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote. Alieleza kwamba mipango ya mahali ilifanywa na promota, na kwamba yeye alipojua ni shamba la zamani la watumwa alishtuka. Kisha akaendelea na mpango. Alidhani mazungumzo juu ya historia ile yangezaliwa yenyewe, palepale, na yangekuwa na manufaa. Sehemu kubwa iliyobaki ya tamko aliitumia kueleza nia yake na kusikitikia ukali wa waliompinga.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tangazo la kwanza lilikuwa kidole, na tamko hili likawa ulimi. Waliokuwa wamekasirika kwa sababu ya mahali sasa walikasirika kwa sababu ya maneno: mwenye kosa alikuwa anawafundisha waliokosewa namna ya kulalamika. Tarehe 2 Januari 2014 alitoa tamko jingine, fupi, akaomba radhi waziwazi.

Watetezi wake walisema ni kosa la promota. Sikubaliani nao, na naamini hata yeye mwenyewe alikuja kuona hivyo, kwani tamko la pili halikumtafuta promota. Tangu 1990 hoja yake yote ilikuwa kwamba jina lililo juu ya kazi ndilo linalowajibika. Kambi ilibeba jina la lebo yake. Ule muda alioshtuka kisha akaendelea, hakuna mkataba uliomsukuma. Alikuwa huru kabisa kusema hapana, uhuru aliouhangaikia kwa robo karne.

Wapinzani wake wa upande mwingine walisema kisa kimefichua unafiki, kwamba msimamo wake ulikuwa biashara tangu mwanzo. Hilo nalo nalikataa, na kanisa la Delaware linanisaidia kulikataa. Mnafiki hatumii miaka kumi kuokoa mawe. Kilichotokea, kwa jinsi ninavyokisoma, ni hatari inayoishi ndani ya uhuru wenyewe. Kampuni kubwa ina watu wengi wanaosema hapana, na mara nyingi wanasema kwa woga: wanaogopa wadhamini, wanaogopa magazeti. DiFranco aliwakimbia hao kwa haki kabisa. Lakini alipowakimbia, alibaki na mduara mdogo wa watu waliomwamini, na mtu anayeaminiwa namna hiyo huacha kusikia mshangao wake mwenyewe. Alishtuka, na hakuwepo mtu wa kumwambia: basi simama hapo hapo uliposhtukia.

Na waliokuwepo kumwambia walikuwa nje ya mduara, kwenye kumbi. Ni wale wale walionakili kaseti. Ndiyo maana hasira yao haikufanana na hasira ya watu baki. Hawa walikuwa wamemlipia uhuru ule tiketi kwa tiketi, nao walimdai kama wanahisa wanavyomdai mkurugenzi, wakitumia vipimo alivyowafundisha mwenyewe kwenye nyimbo. Naamini hawakumwonea. Kama angekuwa na hata mmoja wao mezani siku promota alipopiga simu, jina Nottoway lisingefika kwenye tangazo.

Tarehe 15 Mei 2025 kasri la Nottoway liliteketea kwa moto. Picha zilipoenea, wapo waliolilia jengo la kihistoria, na wapo, wazao wa watumwa wa Louisiana wakiwemo, walioshangilia mbele ya nguzo zinazoanguka. Aliyeziona shangwe zile hahitaji tena kuelezwa kwa nini mazungumzo yaliyotarajiwa kuzaliwa yenyewe mle ndani yasingezaliwa.

Baada ya hapo

Lebo haikufa, na naye hakunyamaza. Mwaka 2016, kama alivyofanya 2004, alifanya ziara ya kuwahimiza watu wapige kura. Lakini kwangu ushahidi mkubwa wa kile alichokijenga ulikuwa umekwisha kuwekwa kabla ya Nottoway. Mwaka 2010 Righteous Babe ilitoa Hadestown, albamu ya mtunzi wa Vermont, Anaïs Mitchell, hadithi ya kale ya Wayunani iliyohamishiwa kwenye nchi ya migodi, njaa na kuta. DiFranco aliimba nafasi ya Persephone, malkia wa kuzimu. Mpiga besi wa bendi yake, Todd Sickafoose, ndiye aliyeiongoza studio. Sioni kampuni kubwa ambayo mwaka ule ingeweka fedha yake kwenye kitu cha namna hiyo. Mwaka 2019 kazi hiyo, ikiwa sasa tamthilia kamili, ilifika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na kuchukua tuzo nane za Tony, tuzo kuu za maigizo hayo, na Sickafoose ni miongoni mwa waliotuzwa.

Februari 2024, akiwa na miaka 53, DiFranco aliingia kwenye ukumbi wa Walter Kerr, New York, kumwigiza Persephone huyo huyo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigiza Broadway. Mwimbaji aliyepanga ratiba yake mwenyewe tangu utotoni alikuwa na saa ya kuripoti, mwongozaji wa kumwambia asimame wapi, na maneno ya mtu mwingine asiyoruhusiwa kuyabadilisha. Mei mwaka huo ikatoka albamu yake nyingine. Imetolewa na Righteous Babe.